Msimulizi Anayejificha

Ingia katika mafunzo yoyote ya utayarishaji wa vipindi vya redio, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na asubuhi ya kwanza haitaisha kabla hujaambiwa ujitoe kwenye kipindi chako. Nyamaza, utaambiwa. Futa maswali yako, waache wananchi waseme wenyewe, kati ya msemaji na msemaji weka sauti za mazingira, na jamii itajieleza bila wewe kuisemea. Makala yenye msimulizi siku hizi inaonekana ya kizamani, ya kuwafundisha watu kama wako darasani. Isiyo na msimulizi inaonekana safi na ya kweli, na aliyeitengeneza anasifiwa kwa unyenyekevu.

Rai hii imeenea kiasi kwamba haijadiliwi tena, inarithishwa tu. Mimi naipinga. Mtayarishaji anayejifuta kwenye kipindi hapunguzi mamlaka yake hata chembe. Anayahamisha kutoka mahali ambapo msikilizaji angeyaona na kuyahoji. Na wanaolipia kujifuta huko ni watu wale wale ambao kipindi kinajigamba kuwapa nafasi ya kusema.

Tuanzie pale kazi inapoanzia, kwenye mahojiano. Kwa kuwa swali litafutwa, jibu lazima lisimame lenyewe. "Eeh, wakati mwingine" haifai, maana bila swali haieleweki. Basi mtayarishaji humwomba mama aliyeketi mbele yake: mama, samahani, nijibu kwa sentensi kamili, uliingize swali langu ndani ya jibu lako. Mama huyu ameulizwa kama watalii wanawasumbua wanapopita kwenye shamba lao la mwani. Amejibu kwa kusita, wakati mwingine. Sasa anaombwa arudie, na kwa kuwa amelelewa kumheshimu mgeni, anarudia: "Watalii wanatusumbua wanapopita shambani kwetu." Kusita kumekwisha. Ile "wakati mwingine" imeanguka njiani. Lalamiko lililoletwa na mgeni kutoka mjini limetoka kinywani mwa mwenyeji, kwa lafudhi ya mwenyeji, na atakayelisikia redioni ataamini kwamba mama huyu aliamka nalo moyoni. Nimeyaona haya yakifanyika mara nyingi, na karibu kila mara wanaoyafanya ni watu wenye nia njema, wanaofuata walivyofundishwa. Lakini nia njema haimrudishii mama neno lake. Swali lingeachwa mahali pake, sekunde nne tu, msikilizaji angejua nani kaleta hoja na nani kaiitikia.

Wanaoushabikia mtindo huu hupenda kurejea kwa Glenn Gould, mpiga piano mashuhuri wa Kanada, na wana haki, kwa sababu hakuna aliyeufikisha mbali kuliko yeye. Tarehe 28 Desemba 1967 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, lilirusha kipindi chake The Idea of North, cha takriban saa moja, kuhusu kaskazini ya nchi hiyo. Watu watano wanasikika: muuguzi, afisa wa serikali, wasomi wawili na mpima ardhi mzee. Sauti zao zinapandana, mmoja anaanza mwenzake hajamaliza, na chini yao treni inanguruma. Msikilizaji anawaona kabisa wamekaa kwenye behewa moja, wakisafiri kuelekea mji wa Churchill, wakibishana kuhusu baridi na upweke. Hawakuwahi kukutana. Gould alimhoji kila mmoja peke yake, kisha yeye na fundi wake Lorne Tulk wakawakutanisha kwenye kanda, kwa wembe na gundi.

Ni kazi ya ajabu, na nimeisikiliza kwa mshangao na heshima. Lakini hebu tuhesabu waliomo. Wote watano ni watu wa kusini waliokwenda kaskazini kwa kazi, kwa utafiti au kwa kutafuta maisha. Hakuna hata mtu mmoja wa jamii ya Inuit, ambayo imeishi huko kwa karne na karne kabla ya treni. Nchi nzima imechorwa na wenyeji wake hawajafungua kinywa. Na sikio halitambui pengo hilo, kwa sababu sauti tano zinazopandana zinatosha kujaza chumba. Ukisoma orodha ya majina utaona nani amekosekana. Ukisikiliza kwaya, aliyekosekana hana mahali pa kukosekana.

Nimtendee haki Gould. Baada ya sauti za ufunguzi, yeye mwenyewe anajitokeza, anajitaja kwa jina, anaeleza kwamba kaskazini imemvutia kwa muda mrefu na kwamba amebaki kuwa mtu wa nje. Hata jina la kipindi linakiri kwamba kinachosikika ni fikra ya kaskazini. Warithi wake wa leo wamechukua treni na kuuacha utangulizi.

Miaka miwili baadaye, 1969, alitoa The Latecomers, kuhusu vijiji vya pwani vya Newfoundland, na safari hii bahari ndiyo inayovuma chini ya maneno. Tena sauti zilizorekodiwa kila moja mahali pake zinasikika kama watu wa kijiji kimoja wakizungumza. Hapa mbinu hii inanitia wasiwasi zaidi kuliko kwenye treni. Newfoundland ilijiunga na Kanada mwaka 1949, na kuanzia miaka ya 1950 serikali ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka vijiji hivyo vidogo. Kwa jumla yapata vijiji 300 viliachwa, na watu wapatao 30,000 walihama. Ili kijiji kihamishwe na kulipwa, sehemu kubwa ya wakazi ilipaswa kukubali. Maana yake ni kwamba jirani alimsubiri jirani atie saini, na palikuwa na waliogombana hadi kufa kwao. Katika mahali pa namna hiyo, nani alizungumza na nani, na nani aliacha kuzungumza na nani, ndiyo habari yenyewe. Ukiwaokota watu huku na huku ukawafuma wakawa wanajibizana kwa upole juu ya mawimbi, umejenga kijiji ambacho hakijawahi kuwapo, na umekijenga juu ya vile vilivyokuwa vikivunjwa.

Nije kwetu, kwa sababu mawimbi tunayo na sisi. Vipindi kuhusu wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, kule Paje, Jambiani na Bwejuu, nimesikiliza si haba, na vingi hufunguliwa kwa mawimbi yakipiga ufukweni. Ndiyo Zanzibar iliyomo kichwani mwa mtayarishaji kabla hajapanda boti: mawimbi, adhana, ganuni ya taarabu. Lakini mwani haulimwi kwenye mawimbi. Akina mama huingia shambani wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, bahari imerudi nyuma hadi kwenye mwamba, na ule mngurumo uko mbali hata huusikii usipoutegea sikio. Kinachosikika shambani ni miguu ikikokota kwenye maji ya kifundoni, jiwe likigongomea vijiti mchangani, kamba mbichi ikivutwa, upepo, na watu wakiitana shamba kwa shamba. Na maongezi, maongezi mengi: bei ya kilo moja kwa mnunuzi, ngozi inayowasha, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa mchango wa shule.

Mtu ataniambia kuwa mawimbi ni pambo dogo tu, yanamfikisha msikilizaji pwani upesi. Yanamfikisha pwani ipi? Yanamfikisha kwenye ufukwe wa hoteli, ambako mtu huja kupumzika. Yanamficha jambo kubwa kuliko yote katika kazi ile, kwamba inaendeshwa na maji. Mama wa mwani hapangi saa yake ya kazi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na kila siku maji yakitoka ana saa chache tu kabla hayajarudi, na katika saa hizo ndimo hufunga mbegu, huvuna, hubeba gunia lililolowa kichwani. Ukilielewa hilo, ndipo utaelewa kwa nini joto la bahari limewaumiza namna ile: kilimo hiki kilipoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, aina iliyotafutwa kwa bei nzuri ilikuwa kotonii, na ndiyo isiyostahimili maji yakipata moto. Wengi wamebaki na spinosamu, yenye bei ndogo, kwa jasho lile lile na saa zile zile chache. Msikilizaji wa Singida au Kigoma hawezi kuyajua hayo kwa kusikia maji yakichapa mchanga. Anahitaji mtu wa kumwambia: hii ni siku ya pili ya bamvua, ni saa nne asubuhi, maji yametoka, tuna mpaka adhuhuri. Sentensi moja. Na aliyepaswa kuisema ameondolewa kwenye kipindi kwa jina la ukweli.

Hali ni mbaya zaidi pale sauti ya watu wenyewe inapogeuzwa pambo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana lugha yenye midoko, lugha isiyojulikana kuwa na ndugu mahali popote duniani. Watayarishaji huipenda lugha hiyo kama wanavyoipenda marimba. Huiweka mwanzoni, sekunde chache, kisha huishusha taratibu ili aanze kusema mtu mwingine, mara nyingi mtafiti au afisa wa shirika. Hakuna anayetuambia yule mzee alikuwa anasema nini. Huenda alikuwa akieleza namna ardhi yao ilivyoliwa na mashamba ya vitunguu na mifugo ya wageni. Huenda alikuwa anamwita mbwa. Mtu mzima amezungumza redioni na maneno yake yametumika kwa ladha tu. Ningependa anayeuita mtindo huu kuwapa watu sauti anieleze ni sauti gani aliyopewa mzee huyu.

Kisha kuna kuchagua. Katika saa nyingi za mahojiano, zitakazobaki ni dakika ishirini na tano, na anayechagua huchagua kwa sikio. Mzee mwenye sauti ya kukwaruza huwekwa awe hekima. Mama huwekwa pale anapolia. Kijana huwa hasira, na watoto huimba mwishoni wawe matumaini. Anayegugumiza hukatwa kwa sababu anapoteza muda. Anayeongea haraka hukatwa. Anayesema "hilo silijui vizuri, kamuulize fulani" hukatwa, ingawa pengine ndiye mkweli kuliko wote. Aliyekataa kuzungumza hana hata pa kukatwa, na kukataa kwake, ambako wanakijiji wote wanajua sababu yake, hakumo kabisa. Ukimaliza hapo una jamii inayokubaliana. Wakulima wa mwani wanazozana na wavuvi juu ya maeneo, na wana watoto wao walioajiriwa katika hoteli zile zile wanazozilalamikia. Hayo hayafumiki vizuri, yanaachwa sakafuni. Msimulizi angalau angeweza kusema: wapo walioona tofauti, na hawa hapa.

Najua rai ninayoipinga ilizaliwa wapi, na ilizaliwa kwa sababu nzuri. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 ilikuwa chombo cha serikali ya mkoloni, na kwa miaka mingi, hapa na kwingineko, msimulizi wa redio alikuwa mtu wa juu akiwaeleza watu wa chini kwa watu wa juu wenzake. Uingereza kwenyewe mambo yalikuwa hivyo kwa wafanyakazi wao. Maneno ya mfanyakazi yalinukuliwa, yakachapwa, kisha mwigizaji wa studio akayasoma kwa kumwiga. Mwaka 1958 Charles Parker wa BBC, pamoja na wanamuziki Ewan MacColl na Peggy Seeger, walitengeneza The Ballad of John Axon, kuhusu dereva wa treni wa Stockport aliyekufa Februari 1957 akijaribu kuizuia treni iliyopoteza breki. Walirekodi wenzake na mjane wake, na waliposikiliza kanda wakaona hakuna mwigizaji anayeweza kuzisema sauti zile. Wakaziacha kama zilivyo. Yalikuwa mapinduzi, na kila anayebeba kinasa sauti leo ana deni kwao.

Wapinzani wangu hunukuu kazi hiyo dhidi yangu: tazama, hakuna msimulizi. Yupo, na anaimba. MacColl alitunga nyimbo kutokana na maneno ya wahojiwa, na nyimbo hizo ndizo zinazounganisha sauti, zinazoeleza kilichotokea, zinazotoa hukumu. Hakuna msikilizaji anayefikiri wimbo wenye vina na banjo umedondoka wenyewe kutoka kituo cha treni. Kila ubeti unakiri kwamba kuna mtu ametunga, kwamba ana msimamo, kwamba yuko upande wa wafanyakazi. Huyo ndiye msimulizi ninayemtetea: asikike, ajulikane anasimama wapi, msikilizaji awe na nafasi ya kumkatalia.

Kazi hiyo ni mojawapo ya mfululizo wa vipindi vinane, na katika kipindi cha mwisho, The Travelling People cha mwaka 1964, kuhusu jamii za wasafiri wasio na makazi ya kudumu huko Uingereza, liko jambo ambalo ningependa lisikilizwe katika kila darasa la redio. Karibu na mwisho anazungumza diwani wa jiji la Birmingham. Anasema wapo miongoni mwa watu hawa wasiosaidika kwa lolote, na maneno yake yanaishia kwenye kuwaangamiza. Anayemhoji anashtuka, anamwuliza kama kweli anamaanisha neno hilo. Na diwani, kwa utulivu, anarudisha swali: kwa nini isiwe hivyo? Futa swali la mhoji, kama tunavyofundishwa tufute, na utabaki na mwanasiasa aliyeteleza ulimi, ambaye kesho yake angeweza kusema alinukuliwa vibaya. Swali ndilo lililompa nafasi ya kurudi nyuma. Kwa kuwa tunalisikia, tunajua alipewa mlango wa kutokea na hakuutumia.

Mfano mwingine wapinzani wangu huutaja kwa haraka na kuupita: kipindi cha Ghetto Life 101, cha mwaka 1993. Mtayarishaji David Isay aliwapa vinasa sauti LeAlan Jones na Lloyd Newman, wavulana wa miaka 13 na 14 kutoka eneo la nyumba za Ida B. Wells, kusini mwa Chicago, nao wakarekodi maisha yao. Husifiwa kwamba jamii imejisemea. Sawa, lakini tusikilize imejisemea kwa njia gani. Wavulana hawa wanasimulia. Wanatuambia wako wapi, wanaingia kwa nani, wanaona nini, wanamwuliza mtu wa familia yao swali na swali linasikika, na namna mtoto anavyouliza ndiyo inayotuvunja moyo. Hakuna aliyewaambia wajifute. Kilichobadilika ni nani aliyepewa nafasi ya msimulizi. Isay alibaki na kazi ya kuhariri, jambo ambalo nalo halipaswi kusahauliwa, lakini angalau msikilizaji ana mtu mwenye jina wa kumfuata mkono. Laiti vijana wa Jambiani wangepewa nafasi hiyo badala ya kupewa swali la kumeza ndani ya jibu.

Ninachodai si hotuba za mtangazaji. Msimulizi hana haja ya kutawala kipindi. Aseme yeye ni nani na aliingiaje kijijini, maana aliyeletwa na gari la mradi hasikii yanayosikiwa na mkwe wa kijiji hicho. Aache maswali yake pale yanapobadilisha maana ya jibu. Sauti ya mazingira iwe ya mahali hapo na ya saa hiyo, na kama imetoka kwenye hazina ya studio, isiwekwe. Anayezungumza Kimaasai au Kihadza aachwe amalize sentensi kabla ya mfasiri kuingia, na mfasiri atajwe, kwa kuwa naye ni mtu wa mahali fulani na anachagua maneno. Wasiokubaliana wasikike wasivyokubaliana. Na kabla ya kurushwa hewani, kipindi kipelekwe kisikilizwe na waliorekodiwa. Simu moja na spika ndogo vinatosha, hakuna bajeti inayoshindwa hapo.

Wataniambia kwamba msimulizi naye anaweza kusema uongo. Anaweza, na wengi wamesema. Lakini uongo wake una mwenyewe. Ametamka kwa kinywa chake, na wanakijiji wanaweza kumkamata kwa maneno hayo hayo, wakaandika barua, wakadai marekebisho. Kipindi ambacho yeye hayumo hakiwapi pa kushika. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo wanakijiji walimweleza mtayarishaji kwamba kipindi chake kimewagombanisha na jirani zao, na yeye akawajibu, bila ubaya wowote, kwamba hakusema neno hata moja, kwamba kila neno lililosikika ni la kwao. Mama mmoja akasema kuwa yeye alikuwa anajibu alichoulizwa. Akaombwa aoneshe aliulizwa nini, na kwenye kipindi halikuwamo hata swali moja.